Kumfunza Mhubiri wa Mahali: Mbinu za Darasani Katika Kazi ya Kanisa

Mwalimu anapohitimu chuoni na kupelekwa katika shule ya mashambani, hukuta kwamba wanakijiji hawamhitaji darasani tu. Ataombwa awe mwandishi wa mikutano, aandike barua za chama, asome risala mbele ya mgeni. Na katika sehemu za Kenya ambako Kanisa la Methodisti limeenea, kama vile Pwani na Meru, huenda siku moja mzee wa kanisa akamjia na kumwambia: "Mwalimu, tunao wahubiri wetu hapa, lakini hawakupata mafunzo ya kutosha. Wewe umesomea kufundisha. Tusaidie."

Makala haya yanakusudia kumwandaa mwanafunzi wa ualimu kwa siku hiyo. Hayahusu mafundisho ya dini, kwani hayo ni wajibu wa kanisa lenyewe. Yanahusu njia ya kumfunza mtu mzima kazi ya kusema mbele ya watu. Kwa hiyo hata mwalimu asiye Mmethodisti, au asiye Mkristo, aweza kufaidika nayo atakapotakiwa kuwafunza watu wazima kazi nyingine yoyote.

Mhubiri wa mahali ni nani?

Katika Kanisa la Methodisti ibada za Jumapili haziongozwi na makasisi peke yao. Makanisa kadhaa yaliyo jirani huunganishwa yakawa sakiti moja, na sakiti huwekwa chini ya kasisi msimamizi. Kasisi huyo hawezi kuwa katika makanisa sita kwa saa ile ile. Kwa sababu hiyo hutengenezwa ratiba, kwa desturi ya miezi mitatu, inayoonyesha nani atahubiri wapi kila Jumapili. Majina mengi katika ratiba hiyo huwa si ya makasisi, bali ya watu wenye kazi zao: mkulima, mwenye duka, muuguzi, fundi cherehani, mwalimu. Hao ndio wahubiri wa mahali. Hawalipwi mshahara. Juma zima hushika jembe au mizani, na Jumapili hupanda mimbarani.

Utaratibu huu ulianza Uingereza katika karne ya 18, na haukuanza kwa kupangwa. John Wesley, aliyekuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, alikuwa ameunda vikundi vya waumini mjini London na Bristol. Mnamo mwaka wa 1740 hivi, akiwa safarini, alipata habari kwamba kijana mmoja aitwaye Thomas Maxfield, ambaye hakuwa kasisi, ameanza kuhubiri katika kikundi cha London. Wesley alirudi mbio ili amkomeshe. Mama yake, Susanna Wesley, akamwonya asimhukumu kijana yule kabla ya kumsikiliza kwa masikio yake mwenyewe na kuyaangalia matunda ya kazi yake. Wesley akamsikiliza, akaridhika, akampa ruhusa. Mwaka wa 1746 mkutano mkuu wa Wamethodisti uliweka maswali matatu ya kumpima kila anayedai ameitwa kuhubiri: je, anamjua Mungu? Je, anazo karama za kazi hiyo? Je, kazi yake imezaa matunda? Mlango huo haukuwafungia wanawake kabisa, kwani mwaka wa 1761 Sarah Crosby alianza kusema mbele ya mikusanyiko mikubwa, na Wesley hakumkataza.

Kisa cha Maxfield kina sehemu ya pili, ambayo haisimuliwi mara nyingi. Baada ya miaka ishirini na zaidi, mhubiri mwingine wa London, George Bell, alitangaza kwamba ulimwengu utakwisha tarehe 28 Februari 1763. Wesley aliupinga utabiri huo waziwazi. Maxfield alimuunga mkono Bell, na mwaka ule ule akajitenga na Wesley pamoja na wafuasi wake. Kwa hiyo yule yule aliyekuwa mfano bora wa mhubiri asiye kasisi akawa pia mfano wa hatari yake. Karama ilimfikisha mimbarani, lakini karama haikutosha kumwongoza maisha yake yote.

Mwalimu na akiangalie kisa hiki kwa pande zote mbili. Upande wa kwanza unafundisha kwamba mtu hapimwi kabla ya kusikilizwa. Upande wa pili unafundisha kwamba kumsikiliza mara moja, siku ya kumpa kibali, hakutoshi. Katika mambo hayo mawili imo hoja yote ya makala haya: mhubiri huundwa kwa kuhubiri, kusikilizwa, kuambiwa ukweli kwa heshima, kisha kuhubiri tena. Masomo ya vitabu ni ya lazima, lakini bila mzunguko huo hayamwundi.

Jambo hili si dogo. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliokuwa wafuasi wa mhubiri anayeshtakiwa kwamba aliwahimiza wafunge hadi kufa. Mhubiri yule hakuwa Mmethodisti, na haifai kuwatia wahubiri wote katika kapu moja. Lakini Kilifi ndiyo kaunti ambamo Wamethodisti walianza kazi yao Afrika Mashariki, na msiba ule umemkumbusha kila mtu kwamba maneno ya mimbarani yana nguvu. Mhubiri asiyesikilizwa na mwenziwe, asiyeulizwa wala kusahihishwa, ni kama dereva asiye na breki. Aweza kufika salama siku nyingi, na asifike siku moja.

Mwalimu na mhubiri: historia ya mtu mmoja

Nchini Kenya uhusiano wa kazi hizi mbili ni wa zamani. Mwaka wa 1862 wamisionari wa Kimethodisti kutoka Uingereza, akiwamo Thomas Wakefield, walifika Pwani kwa msaada wa Ludwig Krapf, aliyekuwa amefika Mombasa tangu 1844. Wakaanza kazi Ribe, katika nchi ya Wamijikenda. Kazi ya Meru ilianza mwaka wa 1912, na mwaka wa 1967 Kanisa la Methodisti nchini Kenya likapata kujitawala.

Katika miaka ya misioni, jengo la shule na jengo la ibada mara nyingi lilikuwa ni moja, na aliyefundisha kusoma siku za juma ndiye aliyehubiri Jumapili. Hakuwa na vyeti vingi, lakini alikuwa na jambo moja ambalo wahubiri wengi wa leo hawana: alikuwa mbele ya wanafunzi kila siku, na mkuu wake alimtembelea akamwona kazini. Baadaye njia ziliachana. Kwa sheria ya elimu ya mwaka wa 1968, serikali ilitwaa uendeshaji wa shule za misioni, na makanisa yakabaki kuwa wadhamini. Vyuo vya ualimu vikaendelea kukuza mbinu za kufundisha: andalio la somo, shabaha, mazoezi ya kufundisha, mashauri baada ya somo. Mbinu hizo hazikumfuata mhubiri wa mahali hadi kanisani. Mwalimu akiombwa leo kuwasaidia wahubiri, haendi kutoa kitu kigeni. Anarudisha ujuzi katika nyumba iliyoushiriki hapo kale.

Kasoro za mafunzo ya kawaida

Mafunzo mengi ya wahubiri hufanywa kwa semina ya siku moja au mbili. Mkufunzi husimama mbele, husema kwa saa nyingi, na wanafunzi huandika. Huenda ikafuata mitihani ya maandishi juu ya Agano la Kale, Agano Jipya na historia ya kanisa. Mambo hayo yote yana faida, lakini njia hiyo ina kasoro tatu ambazo mwanafunzi wa ualimu atazitambua mara moja.

Kwanza, inampima mwanafunzi kwa kazi ambayo si kazi yake. Mhubiri haitwi kuandika insha, anaitwa kusema na watu walio mbele yake. Mama mwenye ulimi mwepesi na kumbukumbu kubwa, aliyeacha shule darasa la nne, aweza kushindwa mtihani na bado awe mhubiri bora katika sakiti nzima. Kijana mwenye cheti aweza kupata alama zote, kisha akawasinziza wasikilizaji.

Pili, inamfunza kwa mfano mbaya. Mtu hufundisha jinsi alivyofundishwa. Akifunzwa kwa hotuba ndefu isiyo na maswali, hata yeye atahubiri vivyo hivyo.

Tatu, huishia pale ambapo kazi inaanzia. Semina ikifungwa, mhubiri hurudi kwake, na hakuna amsikiaye kwa nia ya kumsaidia. Waumini watamwambia "umehubiri vizuri" kwa adabu, au watamsema njiani. Maneno ya namna zote mbili hayamfunzi kitu.

Kanisa la Methodisti la Uingereza lenyewe liliiona haja ya kubadilika. Tangu zamani huko mhubiri hupita katika ngazi: kwanza huruhusiwa kuongoza ibada pamoja na mhubiri mwenye uzoefu, kisha huwekwa katika muda wa majaribio, na mwishowe hukubaliwa kamili. Kozi iliyoanzishwa katika miaka ya 2010 imekaza zaidi uzi huo. Mwanafunzi hukusanya katika jalada lake kazi alizoandika, maandalio ya ibada alizoongoza, na maoni ya watu waliomsikiliza, naye hupewa mlezi wa kutembea naye. Kila kanisa halina budi kutafuta njia inayofaa mahali pake, lakini kanuni ni ile ile ya mazoezi ya kufundisha.

Mbinu nne za kutumia

1. Kuanza na alichonacho mwanafunzi. Mtu mzima si mtungi mtupu. Mkulima anajua mbegu, mvua na hasara. Muuguzi anajua maumivu. Mwenye duka anajua deni. Kabla ya kumpa kitu kipya, mwulize: ni mahubiri gani unayoyakumbuka hadi leo, na kwa nini uliyakumbuka? Majibu ya kundi zima yakiandikwa ubaoni, kanuni nyingi za kuhubiri zitapatikana kwa wanafunzi wenyewe. Mkufunzi atabaki kuzipanga na kuziongezea.

2. Shabaha moja kwa sentensi moja. Kama vile somo lisilo na shabaha humpoteza mwanafunzi, ndivyo yanavyofanya mahubiri yasiyo na shabaha. Tuchukue mfano wa kondoo aliyepotea katika sura ya 15 ya Injili ya Luka. Mhubiri akisema, "Nitahubiri juu ya upendo wa Mungu," hajapata shabaha bado, maana upendo wa Mungu ni bahari. Akisema, "Nataka kila aliyemo kanisani amkumbuke mtu mmoja aliyeacha kuja, aende akamtazame juma hili," hapo amepata. Shabaha nzuri humwonyesha mhubiri cha kusema, na zaidi ya hapo humwonyesha cha kuacha.

3. Kusoma kwa sauti. Wasikilizaji wengi hupokea Maandiko kwa masikio. Hata hivyo mara nyingi fungu la Biblia husomwa kwa kukwama, kana kwamba ni mara ya kwanza kuonekana. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka wa 1952, ina sentensi ndefu na Kiswahili cha Pwani ambacho si rahisi kwa kila msikilizaji wa bara. Mfunze mhubiri kulisoma fungu nyumbani mara tatu, kutia alama mahali pa kupumua, na kutafuta maana ya kila neno analolitilia shaka. Mwalimu wa darasa la kwanza ana ujuzi mkubwa hapa kuliko anavyodhani.

4. Kusikilizwa na kushauriwa. Hii ndiyo mbinu kuu, nazo nyingine zote huitegemea. Kila mhubiri apewe mwenzi mmoja wa kumsikiliza. Msikilizaji asiandike makosa yote aliyoyaona. Na ajibu maswali matatu tu: nilisikia jambo gani kuu? Ni wapi nilishikwa? Ni wapi nilipotea? Maswali haya hayamhukumu msemaji, yanamwarifu yaliyomfikia msikilizaji. Mhubiri aliyekusudia jambo moja, akaambiwa kwamba limesikika jingine, amepata somo ambalo hakuna kitabu kingempa.

Mfano wa kikao cha nusu siku

Tuseme wahubiri wanane wamekusanyika Jumamosi asubuhi. Isichaguliwe siku ya soko, wala kikao kisivuke saa saba mchana. Wanawake wengi wana kazi za jioni nyumbani, na kikao kirefu huwa ni njia ya kuwafungia nje bila kukusudia.

Saa ya kwanza wote wasome fungu moja kwa sauti, kisha kila mmoja aseme katika sentensi moja shabaha ambayo angeichukua. Mkufunzi asiseme ipi ni bora. Na awaulize wenzake: ukisikia shabaha hii, utarudi nyumbani kufanya nini?

Saa ya pili wagawanyike wawili wawili. Kila mmoja ahubiri kwa dakika tano tu, mwenziwe akisikiliza. Dakika tano zatosha, kwani asiyeweza kusema jambo lake kwa dakika tano hatalisema kwa hamsini. Kisha msikilizaji ajibu yale maswali matatu, na majukumu yabadilishwe.

Saa ya tatu mmoja aliyejitolea ahubiri mbele ya wote, na mkufunzi aonyeshe jinsi ya kutoa shauri. Hapa ndipo penye ugumu, kwa kuwa mwalimu aweza kuwa na miaka ishirini na minne, na mhubiri ana sitini. Katika jamii zetu kijana hamsahihishi mzee hadharani. Lakini mzee naye amekuja ili afunzwe, na kumnyima ukweli ni kumnyima haki yake. Njia ni kuutanguliza usikivu wetu wenyewe, mathalani hivi:

"Mzee, nimeshukuru. Uliposimulia jinsi baba yako alivyomtafuta mbuzi usiku ule wa mvua, nilijikuta nami natafuta pamoja naye. Baada ya hapo ulitupeleka kwa Nuhu, kisha kwa Yona, nami nikabaki nyuma. Naomba unisaidie: mbuzi yule na Yona wakutana wapi?"

Huenda mzee akacheka na kusema, "Kweli mwanangu, hawakutani. Yona nilimwongeza kwa kuogopa kwamba maneno ni machache." Kwa kusema hivyo amejisahihisha mwenyewe, mbele ya wote, bila kuvunjiwa heshima. Tena wengine saba wamejifunza kwamba maneno machache si aibu.

Kikao kifungwe kwa kupanga nani atamsikiliza nani katika Jumapili zinazofuata, kwa kufuata ratiba ya sakiti. Bila mpango huo, kikao chote kitakuwa semina nyingine tu.

Tahadhari kwa mwalimu

Mwalimu asisahau kwamba mahubiri si somo la darasani. Wasikilizaji hawatapewa zoezi wala alama. Wengine wamekuja na msiba, na haja yao si kufundishwa bali kufarijiwa. Mhubiri akigeuza mimbari kuwa ubao, atawaambia watu mambo mengi ya kweli yasiyowafikia. Mfunze mbinu, lakini usimnyang'anye sauti yake. Anayehubiri kwa kusimulia na aendelee kusimulia, na anayehubiri kwa kuuliza na aendelee kuuliza.

Pili, mafundisho ya kanisa yana wenyewe. Likizuka swali la imani, mwalimu alipeleke kwa kasisi msimamizi wa sakiti. Hata hivyo liko jambo ambalo hapaswi kulinyamazia. Akimsikia mhubiri anamwambia mgonjwa aache dawa, au anawataka watu waache kumpeleka mtoto hospitali au shuleni, amweleze kasisi siku hiyo hiyo. Hilo si suala la mbinu, ni suala la uhai.

Tatu, mwalimu aliye pia mhubiri azitenganishe kazi zake. Shule ya serikali ina watoto wa dini zote, na mzazi Mwislamu aliyemwamini mwalimu huyo kwa mtoto wake asije akasikia kwamba darasa limegeuzwa kanisa. Heshima hiyo ikilindwa, hata ushauri wa mwalimu kanisani utapata uzito.

Hitimisho

Wanafunzi wengi wa ualimu huyaogopa mazoezi ya kufundisha. Humwona mkaguzi akiketi nyuma ya darasa na kalamu yake, na mikono yao hutetemeka wakishika chaki. Lakini walimu wenye uzoefu wanajua kwamba ni pale, mbele ya mtu anayetazama ili kusaidia, ndipo walipoanza kuwa walimu. Mhubiri wa mahali anayetoka alfajiri kwenda kanisa la mbali, bila mshahara, anastahili kupata mtu wa namna hiyo. Si lazima awe msomi mkubwa. Yatosha akiketi nyuma, asikilize hadi mwisho, kisha, wakiwa njiani kurudi, aseme kweli aliyoisikia.